Ngoma ya Kumuaga Inarukundo

Kwa mara ya tatu siku hiyo, mistari miwili ya wachezaji iligongana katikati ya uwanja. Watu wa Murukulazo walikuwa wanarudi kinyumenyume, mikono wameiinua kama pembe za ng'ombe, macho yao kwa mwimbaji anayeaga. Nyuma yao watu wa Nyarubungo walikuwa wanakuja mbele kwa vishindo vya Kisukuma, mabega yanatikisika, njuga zinalia miguuni. Migongo ikakutana na vifua. Nshoma, mama mnene wa Nyarubungo ambaye hajawahi kucheza kinyonge maishani mwake, akampiga kumbo katekista wa watu hadi kofia ikamruka.

"Yesu na Maria!" katekista akasema.

"Na mimi nipo hapa, baba," Nshoma akajibu. "Usinisahau kwenye sala."

Uwanja mzima wa shule ukacheka. Hata wachuuzi wa Kabanga waliokuwa wanapita na mizigo ya kupeleka mpakani walisimama kuangalia. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, Domisiana, bibi wa miaka sitini na mitatu aliyekuwa anawachezesha. Alisimama pembeni na kijiti chake cha kuhesabia mapigo, akasema, "Rudieni."

"Turudie nini, mama?" Juvenali, mwenyekiti wa kwaya, akaja mpaka mbele yake. "Tumerudia tangu saa tatu. Watu wana njaa."

Inarukundo hakuwa mtu wa kweli. Vijana wa kwaya walimtunga wenyewe: mwimbaji wa harusi aliyewaimbia watu miaka yote, halafu siku moja anawaaga ili arudi alikozaliwa. Tamasha lenyewe lilikuwa nusu maigizo, nusu nyimbo, na kwaya mbili ziliungana kulifanya, ya Murukulazo kutoka Ngara na ya Nyarubungo kutoka Biharamulo. Nyimbo zilikuwa tayari. Maneno yalikuwa tayari. Kilichobaki ni ngoma ya mwisho, ile ya kumuaga, na hiyo ilikuwa mikononi mwa Domisiana. Kwa sababu yake tamasha lilikuwa limeahirishwa mara mbili.

"Mama Domisiana," Juvenali akasema, na hakupunguza sauti, "mimi nakuheshimu. Harusi yangu uliichezesha wewe. Lakini turubai tumelikodi mara mbili, tumelirudisha mara mbili, mwenye spika ameanza kunikwepa njiani. Kuna kijana pale Ngara mjini, anachukua hatua kwenye simu, siku moja anamaliza kufundisha. Nimwite?"

Domisiana alisikia masikio yakipata moto. Miaka thelathini alikuwa amechezesha harusi, pasaka, na nadhiri za masista, na hakuna aliyewahi kumtajia kijana wa simu.

"Nipe Jumamosi moja," akasema.

"Moja," Juvenali akasema. "Na Jumamosi inayofuata ni tamasha, ngoma iwepo isiwepo."

Irakoze, msichana aliyecheza kama Inarukundo, alikuwa bado amesimama mahali pake mbele ya mistari, kitenge begani, anaangalia chini. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kila mtu pale alijua kuwa ni binti wa Domisiana, na kila mtu alijua kuwa Domisiana hakumzaa.

*

Anatoli, mume wa Domisiana, alikuwa ameketi nje ya jiko anamenya ndizi. Goti lake moja lilikuwa limekataa kazi za shamba, basi kazi za kukaa zote alizifanya yeye.

"Wamegongana tena?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Wamegongana."

"Ajabu." Akadondosha ndizi kwenye maji. "Mke wangu, wewe ulichezesha harusi ya Gervas. Bwana harusi amelewa, baba mkwe amelewa, mpiga ngoma ndiyo usiseme. Hakuna aliyemgusa mwenzake hata kwa kiwiko."

"Watu wa Nyarubungo ngoma yetu hawaielewi."

"Hawaielewi, au wameelewa vizuri walichofundishwa?"

Domisiana akachukua kisu cha pili akakaa kumsaidia. Mbele ya mtu aliyeishi naye miaka arobaini uongo ungekuwa kujichosha bure.

Ukweli ulikuwa huu. Wiki za mwanzo, kila Jumamosi alipanda bodaboda mpaka barabarani, akapanda basi hadi Biharamulo, akawafundisha watu wa Nyarubungo peke yao. Jumapili baada ya misa aliwafundisha wa Murukulazo, nao peke yao. Mpaka kwaya zilipokutanishwa, hakuna aliyeziona nusu zote mbili ila yeye. Wa kwao aliwapa hatua aliyoijua kwa baba yake: ng'ombe wa zawadi alipotoka zizini, mzee hakumpa mgongo, alirudi nyuma taratibu huku anamwangalia hadi ng'ombe apotee kwenye kona. Wa Nyarubungo aliwaambia waende mbele, kwa nguvu, kama kwao wanaposhindana ngoma. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba wakikutana watagongana.

Alifanya hivyo kwa sababu ya neno moja la Irakoze. Mwezi wa pili, habari zilipokuja kwamba mama yake mzazi, waliyepotezana wakati wa kukimbia Burundi miaka kumi nyuma, amepatikana ng'ambo ya mpaka, hai, lakini macho yameingia ukungu na hana wa kumlimia, Irakoze alisema: "Nimemwahidi Juvenali nitaimba. Nikishamaliza tamasha nitakwenda kukaa na mama." Basi Domisiana akaona kwamba tamasha lisipofika, na siku ile haitafika.

"Ni hapo tu," Anatoli akasema sasa, kwa sauti ya chini. "Unatoka Kabanga asubuhi, unavuka, mchana umefika kwao. Si mwisho wa dunia."

"Kama ni hapo tu, kwa nini mama yake ilimchukua miaka kumi?"

Anatoli akaosha kisu, akakifuta, akakiosha tena.

"Nitakuwa natandika kitanda cha nani asubuhi?" Domisiana akasema. "Nitamwambia nani chumvi imezidi?"

"Utaniambia mimi."

"Wewe hata ukila majivu unasema ahsante."

Wakacheka kidogo, wote wawili, halafu kicheko kikaisha mapema.

*

Jumatano ni siku ya gulio. Domisiana alipeleka parachichi Kabanga kama kawaida, na alipomaliza kuuza akapita karibu na mpaka, wanakokaa wabadilisha fedha na mabunda yao ya faranga. Mmoja wao, Ndikuriyo, ndiye aliyeleta habari za mama wa Irakoze. Alimjua kwa sababu walitoka kilima kimoja, yaani kijiji kimoja, huko Burundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo mbona hunitanii?"

Ndikuriyo akajikuna kidevu. "Kuna jambo nimelificha na linaniwasha. Niyibizi alikuja hapa."

Domisiana akaweka kikapu chini. "Niyibizi yupi?"

"Mama wa mtoto. Ile Jumamosi ya kwanza mliyotangaza tamasha. Alishikwa mkono na jirani mpaka hapa. Alikaa pale, kwenye kibaraza cha duka la sabuni, tangu asubuhi. Amefunga kitambaa kipya. Kila spika ikipigwa huko sokoni anauliza, 'Ndiyo wao?' Namwambia hapana, huyo anauza dawa ya panya."

"Halafu?"

"Jioni nikamwambia wameahirisha. Akaniuliza, kuahirisha ni siku ngapi? Sikujua cha kumjibu. Mliposema tarehe ya pili akaja tena. Akakaa palepale. Alikuwa na maharage kwenye kikapu, ya kukuletea wewe. Mara ya pili aliyauza ili apate nauli ya kurudi."

Domisiana aliangalia kibaraza cha duka la sabuni. Kulikuwa na mbwa amelala pale, na ndoo mbili za rangi.

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hamkumwita mtoto? Alikuwa hapo shuleni kwenye mazoezi, hatua mia tatu!"

"Alinikataza. Alisema, 'Yule mama aliyemlea asije akadhani nimekuja kumdai. Nitangoja wamalize shughuli yao, mtoto aje mwenyewe.'" Ndikuriyo akashusha sauti. "Mama, mimi kazi yangu ni kuangalia watu wakingoja. Wanangoja gari, wanangoja bei, wanangoja ndugu. Sijaona mtu anangoja vile."

Domisiana alirudi nyumbani na kikapu kitupu, akakiona kizito. Njia nzima alimwona mwanamke mwenye kitambaa kipya. Kwa miezi mitatu alikuwa amemfikiria Niyibizi kama mkono tu, mkono unaotoka ng'ambo kuja kuchukua. Hakuwa amefikiria kwamba mkono huo una mtu, na kwamba mtu huyo anauliza kuahirisha ni siku ngapi.

*

Alimkuta Irakoze uani anapeta maharage. Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, bila kuvua kanga ya safari.

"Mama yako alikuja Kabanga," akasema. "Mara mbili. Akangoja tamasha. Halikuwepo, akarudi."

Ungo ukasimama hewani.

"Na halikuwepo kwa sababu yangu," Domisiana akaendelea haraka, kama mtu anayetoa mwiba. "Zile hatua haziwezi kukutana. Nilizipanga hivyo. Watu wa Nyarubungo hawana kosa. Mimi ndiye niliyewagonganisha ili usiende."

Irakoze akaweka ungo chini. Kuku wakasogea, hakuna aliyewafukuza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Mama, mimi nimekaa miaka kumi nakuona ukichezesha watu. Ukikosea huwa unauma mdomo. Safari hii wamegongana wiki nane, mdomo hujauma."

"Mbona hukusema?"

Irakoze akaanza kuokota punje zilizomwagika, moja moja. "Na mimi nilikuwa nachelewesha. Unakumbuka Juvenali alivyolalamika kwamba naingia kabla ya ngoma? Nilikuwa naingia makusudi." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Uso wake umenifutika, mama. Nakumbuka vidole vyake na kitenge cha njano. Nawaza, nitafika, nitamwamkia, halafu nitamwambia nini? Hapa najua hata mlango unalia vipi."

Domisiana alitaka kusema, basi usiende. Neno lilifika hadi kwenye meno. Irakoze aliliona, maana alimwangalia kwa macho ya mtu anayeomba lisemwe. Kama lingesemwa, angebaki. Wote wawili walijua hivyo.

"Utamwambia umepika nini," Domisiana akasema mwisho. "Anza na hilo. Mengine yatafuata yenyewe."

*

Jumamosi, kabla ya ngoma kupigwa, Domisiana aliomba watu wote wakae chini kwenye majani. Akabaki amesimama peke yake, na kijiti hakukishika.

"Mlikuwa mnacheza sawasawa," akasema. "Nyote. Mimi niliwafundisha hatua mbili zisizokutana, nikijua. Nilitaka huyu mtoto asiondoke. Nimewapotezea nguvu na nauli, nimewafanya mchekwe. Nisameheni."

Minong'ono ikapita. Mtu mmoja nyuma akasonya. Juvenali akasimama, uso umekunjamana.

"Turubai mara mbili, mama! Mara mbili! Nimetukanwa na mwenye spika mbele ya watoto wangu, kumbe ni mchezo wako?"

"Ni wangu."

"Kama angekuwa kijana angefukuzwa."

"Nifukuze. Lakini nifukuze saa kumi. Mpaka hapo niachie uwanja."

Nshoma ndiye aliyeinuka, kwa shida, akijishika kiuno. "Mayu," akasema, kwa neno la kwao la mama, "mimi niliwaozesha mabinti wanne. Yule wa mwisho nilimfichia viatu asubuhi ya harusi. Wakavitafuta saa mbili nzima, na mimi nawasaidia kutafuta." Akageukia wenzake. "Simameni, jamani. Mnataka tukae hapa tusafishe moyo wa bibi wa watu mpaka giza?"

Watu wakasimama. Juvenali akaenda kukaa chini ya paa la darasa, mikono amefunga kifuani, lakini hakuondoka.

Usiku kucha Domisiana alikuwa amejiuliza awafutie hatua gani. Akiwaambia wa Nyarubungo warudi nyuma, wangekuwa kama watu waliokatwa miguu. Akiwaambia wa Murukulazo waende mbele, ingekuwa vita. Alfajiri ndipo alipoona kwamba hakuna hatua ya kufuta. Kilichokuwa kibaya ni kwamba alikuwa amewapanga wamebanana, bega kwa bega, kama ukuta.

"Watu wa Murukulazo," akasema, "achianeni nafasi. Kati ya mtu na mtu, apite mtu. Rudini nyuma vilevile, msigeuze uso, muangalieni Inarukundo. Watu wa Nyarubungo, njooni mbele vilevile, msipunguze kishindo. Mkifika kwa wenzenu msisimame. Piteni katikati yao, mfike kwa mwimbaji, mmpokee."

"Kumbe sisi siyo watu wake?" Nshoma akauliza. "Miezi yote nalia namuaga."

"Ninyi ni watu wa kule anakokwenda."

Ngoma ikapigwa. Mstari mmoja ukarudi, mstari mmoja ukaja. Mara hii migongo haikukutana na vifua. Watu walipita kati ya watu kama vidole vya mikono miwili, njuga zikalia katikati ya mikono iliyoinuliwa, na Irakoze, aliyekuwa amezungukwa na wanaomwacha, akajikuta amezungukwa na wanaompokea, bila yeye kupiga hatua hata moja. Akasahau kuimba. Ngoma ikaendelea peke yake mpaka ikanyamaza.

Juvenali alikuwa amesimama. Alikohoa.

"Mwenye spika nitampigia leo," akasema.

*

Siku ya tamasha uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Ndikuriyo alimleta Niyibizi saa nane, anamshika kwa mkono wa gauni. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko Domisiana alivyomfikiria, hata hamsini hajafika, na kitambaa chake kilikuwa na mikunjo ya kuhifadhiwa.

"Shikamoo, mama," akasema, kwa Kiswahili cha sokoni, akielekeza uso pembeni kidogo ya mahali Domisiana aliposimama.

"Marahaba. Njoo tukae."

Walikaa benchi la mbele. Baada ya hapo waliongea kwa lugha zao, Kirundi cha huyu na Kihangaza cha yule, ambazo zinasikilizana bila mkalimani. Niyibizi aliona mwanga na vivuli, zaidi ya hapo hapana. Basi ikawa Domisiana anamwonyesha tamasha kwa maneno.

"Sasa wanamletea kiti. Amekataa kukaa. Sasa anawacheka wanaume."

"Amevaa nini?"

"Kitenge cha bluu. Nywele amesuka jana."

"Urefu wake?"

Domisiana akaushika mkono wa Niyibizi, akauinua hewani mpaka juu kidogo ya sikio lake mwenyewe. "Hapa."

Niyibizi akauacha mkono wake palepale, hewani, muda mrefu, kama anapapasa kitu. Watu wa nyuma wakalalamika kwamba hawaoni. Hakuushusha.

Kisha ngoma ya mwisho ikaingia. Inarukundo aliimba kwamba amewaimbia harusi zao zote na sasa anakwenda kuimba kwao, wamfunge mzigo, wasimchelewese. Sauti ilipanda juu ya spika mbovu ikapita. Domisiana akaacha kusimulia.

"Niambie," Niyibizi akasema. "Wanafanya nini?"

"Wanaomuaga wanarudi nyuma."

"Na yeye?"

"Amesimama."

"Analia?"

"Analia. Lakini anaimba sawasawa." Domisiana akasogea karibu na sikio la mgeni. "Sasa wengine wanapita katikati yao. Wanakuja. Wamemfikia. Wamemshika mikono, wote. Wamemchukua."

Alisema yote, hakuruka hata hatua moja, na kila hatua ilikuwa ameipanga mwenyewe.

Makofi yakalipuka uwanjani. Nshoma alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Irakoze akatoka katikati ya wachezaji, akapita watu, akaja mpaka mbele ya benchi, akasimama hatua mbili mbali, kifua kinapanda na kushuka.

"Mama," akasema.

Wanawake wawili waliitika kwa pamoja. "Bee!"

Hakuna aliyecheka. Irakoze akaangalia huyu, akaangalia yule, mdomo wazi. Niyibizi akamgusa Domisiana gotini.

"Itika wewe," akasema polepole. "Mimi sauti hii bado siijui. Niliiacha ikiwa ya mtoto."

"Utaijua," Domisiana akasema.

Akainuka. Akamshika Irakoze mabega kwa nyuma, akamsukuma taratibu mpaka akamkalisha pale alipokuwa amekaa yeye. Mkono wa Niyibizi ukatafuta, ukapata vidole, ukaanza kuvigusa kimoja kimoja.

"Jana nilipika kisamvu," Irakoze akasema.

Domisiana akaondoka hapo akaenda upande wa wachezaji, akainama kumsaidia Nshoma kufungua njuga miguuni. Kamba zilikuwa zimekaza kwa jasho, ikabidi atumie meno. Spika ilikuwa inatangaza kwamba wanaovuka mpaka wafanye haraka, mpaka unafungwa jioni.

"Mayu, umesimama tangu saa ngapi?" Nshoma akauliza. "Rudi kwenye benchi lako ukae."

Domisiana aliangalia kule. Watu walikuwa wamesogea kumsalimia mgeni, na benchi lilikuwa limejaa.

"Limejaa," akasema, akashika njuga ya mguu wa pili.